Hesabu Mipaka, Usihesabu Nchi: Siku Kumi Kuzunguka Ziwa

Hotuba iliyotolewa Mwanza mbele ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa wanaojiandaa kwa safari ya likizo. Imeandikwa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mwenyekiti, wazee wetu shikamooni. Akina mama, akina baba, na nyie vijana mliojibana pale mlangoni, habari za jioni.

Mmetuita kwa swali moja. Mtu mwenye siku kumi za likizo anawezaje kuingia Kenya, Uganda na Rwanda, akarudi Mwanza akiwa na hela ya daladala na nguvu za kwenda kazini? Inawezekana. Lakini wengi wanaoshindwa wanashindwa kabla hawajapanda basi, kwa sababu walihesabu kitu kisichohesabika. Walihesabu nchi.

Ndugu zangu, usihesabu nchi. Hesabu mipaka.

Nchi haikuchoshi; mpaka ndio unaokuchosha. Safari yetu ina mipaka minne: Sirari kuingia Kenya, Busia kuingia Uganda, Katuna kuingia Rwanda, na Rusumo kurudi nyumbani. Kila mpaka uuhesabu kuwa ni nusu siku. Mtaniambia, mbona kugonga mhuri ni dakika kumi? Ni kweli, mhuri wako ni dakika kumi. Lakini basi lina watu hamsini, na haliondoki na wewe. Linaondoka na wa mwisho. Wewe umeshamaliza, umekunywa na chai, kumbe kuna abiria mwenye magunia manne bado anabishana na watu wa forodha. Basi linamsubiri yeye, nanyi nyote mnamsubiri yeye.

Kwa hiyo tuna sheria mbili tunazowapa wote tunaowapangia safari. Mipaka miwili kwa siku moja, hapana. Kufika mpakani usiku, hapana. Ukizishika hizo, ratiba inajipanga yenyewe.

Tuipange basi, tukianza na Jumamosi. Siku hiyo basi la saa 12 asubuhi linatoka Mwanza, linapita Bunda na kuvuka Tarime hadi Sirari, ambako ng'ambo yake panaitwa Isebania. Hapo ni kama kilomita 300. Baada ya mpaka kuna Migori, Kisii, halafu Kisumu, kama kilomita 200 nyingine. Mtafika jioni, mmechoka. Jumapili ni ya Kisumu, na mtu asiwashawishi kuendelea. Jumatatu mnakwenda Busia kisha Kampala, kilomita 300 na ushee, na njiani mnavuka Nile pale Jinja. Jumanne na Jumatano ni za Kampala. Alhamisi Kampala hadi Kabale, zaidi ya kilomita 400, mkalale. Ijumaa ni safari fupi, Kabale hadi Kigali, haifiki kilomita 110, lakini ina mpaka katikati. Jumamosi Kigali. Jumapili Rusumo. Jumatatu ni ya akiba. Jumanne kazini.

Hiyo Jumatatu ya akiba msiipangie kitu. Msiende harusi, msiahidi mkutano. Siku ya akiba ni kama tairi la spea. Likikaa kwenye buti safari nzima bila kuguswa, hakuna hasara.

Kuna aliyeuliza, kwa nini tulale Kabale wakati mabasi ya moja kwa moja Kampala–Kigali yapo tele? Yapo. Mengi yanatoka usiku na kufika Katuna saa tisa ya usiku. Unateremshwa ukiwa na usingizi, unapangwa foleni kwenye baridi, begi linafunguliwa kwenye mwanga hafifu, na wanaobadilisha hela wanakuzunguka wakati hata hesabu ya mbili mara tatu inakushinda. Baridi ya kule msiifanyie mzaha, Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bebeni sweta. Mkilala Kabale mnavuka asubuhi, mmekunywa uji, macho yako wazi.

Sasa niwasimulie kuhusu Busia, kwa sababu Busia inafundisha mpaka ni nini.

Neno bodaboda mnalitumia kila siku. Mnajua limezaliwa wapi? Limezaliwa mipakani, na Busia ndiyo inayotajwa zaidi. Zamani kituo cha Kenya na kituo cha Uganda vilikuwa mbali kidogo, na basi likikushusha upande mmoja, kipande cha katikati ulikimaliza kwa miguu, na mzigo kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaona biashara. Wakafunga mto kwenye keria, wakawa wanaita wateja: boda, boda! Yaani toka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zikaja baadaye, jina likabaki.

Kwa nini nawaambia hayo? Kwa sababu zamani ulikuwa unatoka nchi moja kwenye jengo moja, unatembea, unaingia nchi nyingine kwenye jengo jingine. Leo Busia, Rusumo na Gatuna, ng'ambo ya Katuna, kuna Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Ofisa wa nchi unayotoka na ofisa wa nchi unayoingia wako chini ya paa moja. Dirisha la kwanza unatoka, dirisha la pili unaingia. Imerahisisha sana, lakini imeleta kosa jipya. Mtu anaona jengo moja, anadhani kuna dirisha moja. Anagongewa mhuri mmoja, anatoka nje anafurahi. Siku ya kurudi anaulizwa: wewe uliingiaje huku? Kwa hiyo kila mpaka fungua pasipoti kabla hujatoka mlangoni. Mihuri miwili: wa kutoka na wa kuingia. Mipaka minne, mihuri minane. Kama kurasa zilizo wazi zimebaki mbili tu, mjiulize mapema.

Na hapa kwenye pasipoti kuna mtego unaotuhusu Watanzania. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kusafiri baina ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Unaweza kumwona Mkenya mbele yako pale Busia anatoa kadi tu, anapita. Wewe ukadhani na yako ya NIDA itakupitisha. Haitakupitisha. Mtanzania anavuka kwa pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na hati hiyo uisome kabla hujaipokea uone nchi unazokwenda zimetajwa na muda wake haujaisha njiani. Viza hatulipi. Sisi wa Afrika Mashariki tunaingia kama wageni bila ada, hadi miezi sita. Kwa hiyo mtu akikwambia mpakani kuna ada ya viza ya Mtanzania, mwambie akuandikie risiti. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Wenye ndugu wanaokuja kutoka Ulaya au Marekani kuungana nasi, nyie mnahitaji karatasi na kalamu. Kuna viza moja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda. Ni dola 100, siku 90, na inaombwa kwa nchi utakayoingia kwanza. Kwa safari yetu ni Kenya. Tanzania haimo. Na ukishatoka nje ya nchi hizo tatu, imekwisha, hata kama siku zimebaki. Maana yake mgeni anayetoka Rwanda kuja Mwanza hawezi kuitumia tena kwenda kupanda ndege Nairobi. Na huku kwetu, mgeni aliyeingia Tanzania kwa viza ya kuingia mara moja, akitoka Sirari viza yake imeishia Sirari. Pale Rusumo atahitaji nyingine. Mwambieni leo, msimwambie akiwa Rusumo.

Kadi ya njano nayo. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Siku 10! Mtu anakwenda kuchoma Ijumaa aondoke Jumamosi. Kadi anayo, lakini tarehe inamkataa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Msikubali kulipishwa mara ya pili kwa sababu hiyo. Watoto: cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi asiyesafiri. Hilo sirefushi.

Wapendwa, tuje kwenye saa.

Kenya, Uganda na sisi tuna saa moja. Rwanda iko nyuma kwa saa nzima. Mmenisikia? Ukivuka Katuna Ijumaa saa 4 asubuhi, ng'ambo ni saa 3. Umepata saa ya bure. Jumapili ukivuka Rusumo unaitoa ile saa uliyopewa. Nani anaumia? Anayelala karibu na mpaka, simu yake ikadaka mnara wa nchi jirani usiku. Simu inajirekebisha yenyewe, kengele inalia saa nzima baadaye, na basi limeshaondoka. Zima marekebisho ya saa kwenye simu ukilala mpakani, au vaa saa ya mkononi kama wazee wetu.

Na jua lenyewe litawachanganya. Kigali giza linaingia baada ya saa 12 jioni kwa saa yao, wakati sisi Mwanza tumezoea jua la hadi saa moja kasorobo. Mtu aliyepanga kutembea jioni anajikuta gizani.

Halafu kuna kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda ina Umuganda. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa, magari hayatembei. Chukulieni watu wawili waliokata tiketi ya kutoka Kigali Jumamosi hiyo asubuhi kwa sababu walitazama tarehe, hawakutazama ni Jumamosi ya ngapi. Wanafika stendi ya Nyabugogo, kimya. Kufika saa 5 barabara zinafunguka, watu wote waliosubiri wanagombea viti kwa pamoja, na kufika Rusumo kwa mchana haiwezekani tena. Kwa ratiba yetu Jumamosi ni siku ya kukaa Kigali, kwa hiyo Umuganda ungetula asubuhi moja tu. Mwenye moyo anaweza hata kushika jembe. Bado nawashauri: tukichagua tarehe, tuchague Jumamosi ya kuondoka ambayo inayofuata si ya mwisho wa mwezi.

Mtatembea Kigali kwa miguu, na mtazame kushoto kwanza mnapovuka barabara. Sisi, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda wanaendesha kulia. Gari la kwanza kukufikia linatokea upande ambao shingo yako haijazoea kugeukia. Kwenye pikipiki abiria anavaa helmeti, na dereva hatakubembeleza. Mifuko ya plastiki iache Mwanza. Rwanda waliipiga marufuku 2008, Kenya 2017, sisi 2019, lakini Rwanda ndiyo wanaofungua begi na kuitoa mmoja mmoja. Nguo chafu ziwekeni kwenye mfuko wa kitambaa.

Asubuhi ile ya Jumamosi kuna mahali Kigali pa kwenda ambapo hapalipiwi kiingilio: Gisozi, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Nendeni mapema, zungumzeni kwa sauti ya chini, na siku hiyo msipange sherehe jioni. Nina sababu ya kuliweka hilo kabla ya Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa kama 24, wakimbizi wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja kwetu, wakaenda Ngara, eneo la Benaco. Ni mto uleule wa Kagera mtakaouvuka Jumapili, nanyi mnaweza kusimama dakika mbili mtazame maporomoko. Leo yapo hapo mitambo ya umeme wa megawati 80 ya nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Wenye umri wangu tunayakumbuka yote mawili, mauaji na wakimbizi. Vijana, mkipita hapo, msipite mmeinamia simu.

Tumeulizwa pia kuhusu mpaka wa Burundi, kwa nini Bujumbura haimo. Burundi ilifunga mipaka yake ya barabara na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo njia ya Kigali–Bujumbura hatuiwekei matumaini kwenye safari fupi. Na msishangae mpaka kufungwa. Huohuo wa Katuna, ambao ng'ambo yake wanauita Gatuna, herufi moja tu inabadilika, ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Karibu miaka mitatu! Wiki moja kabla ya kuondoka, mtu mmoja wetu apige simu kwa ofisi za mabasi aulize njia ikoje. Msiulize mitandao, muulizeni anayekata tiketi.

Fedha. Hapa ndipo hasira nyingi zinapozaliwa.

Kila ukibadilisha hela unakatwa. Tuseme unakatwa asilimia 3 kila mara. Ukichukua shilingi 100,000 ukazipeleka Kenya, ukazigeuza tena Uganda, tena Rwanda, ukarudi nazo nyumbani, umebadilisha mara nne. Zimebaki kama 88,500, na hujanunua hata ndizi. Dawa ni nini? Usihamishe hela yote kutoka sarafu hadi sarafu. Bebeni sehemu kubwa kwa dola, noti za 100, mpya, zisizo na mkunjo wala maandishi ya kalamu. Noti ndogo za dola zinapewa bei mbaya, na za zamani zinakataliwa kabisa. Katika kila nchi badilisha dukani, mjini, unachotumia nchi hiyo. Mpakani badilisha masalia tu: yale ya kununulia maji na kulipa pikipiki ng'ambo.

Na wale vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi? Wengi ni waungwana, wachache si waungwana, na huwezi kuwatofautisha kwa sura. Kuna kikokotoo kilichochezewa kinachotoa jibu la uongo. Kuna bunda lenye noti ndogo katikati. Kuna noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya, ambayo haitumiki tangu Oktoba 2019, na mgeni haijui. Kwa hiyo piga hesabu kwenye simu yako kabla hujafika. Pokea yake kwanza, hesabu, ndipo utoe yako. Akikuomba azihesabu upya, usimrudishie kisha ukazipokea bila kuhesabu. Hesabu tena.

Na sarafu za chuma hakuna anayezibadilisha. Zimalizeni kwa njugu.

Lugha haitawasumbua sana. Rwanda Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017. Kampala wazee wengine watasita, kwa sababu kwa miaka mingi Kiswahili huko kilikuwa lugha ya askari. Anza kwa ssebo kwa mwanamume na nnyabo kwa mwanamke, uso utafunguka. Kitakachowachekesha ni samaki. Mmekulia kwenye ziwa hili, mnadhani mnayajua majina yake. Sato wenu Kisumu ni ngege, na Kampala pia ni ngege. Sangara Kisumu ni mbuta. Dagaa Kisumu ni omena, Kampala ni mukene. Mtu wa Mwanza anaweza kukaa hotelini Kampala, akasoma orodha yote, akalala njaa huku amezungukwa na chakula cha kwao. Na mkitoka Kisumu kwenda Busia mtapita Maseno, hapo mstari wa ikweta unakatiza. Mtaukata tena Kayabwe mkitoka Kampala. Mara mbili kwa safari moja. Wenye watoto, hilo litawanyamazisha kwa kilomita chache.

Jumapili ya kurudi ndiyo siku ngumu kuliko zote. Kigali hadi Rusumo ni kama kilomita 160, saa tatu hivi. Ukitoka saa 12 asubuhi ya Kigali, tayari Mwanza ni saa 1. Ukimaliza mpaka ni karibu saa 6 mchana yetu, na mbele yako kuna Biharamulo na Geita. Zamani mtu alikuwa anapiga hesabu pia ya foleni ya kivuko pale Busisi, na foleni ile ilikuwa haina adabu. Tangu 19 Juni 2025 kuna daraja, kama kilomita 3 juu ya maji, na hesabu imebadilika. Bado msiahidi kufika Mwanza usiku huo, ila kwa basi la moja kwa moja mlilokata tiketi mapema. Ukiunga gari kwa gari, mchana wa Rusumo magari ya kwenda mbali ni machache, kwa sababu mengi huondoka alfajiri. Laleni Ngara. Ndiyo maana tuliiacha ile Jumatatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi. Pale mezani kuna karatasi mbili. Ya kwanza mwandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na tarehe ya mwisho ya pasipoti. Ya pili ni ya kadi ya njano: mwenye nayo aandike tarehe, asiye nayo aweke alama, twende pamoja hospitali wiki ijayo. Nakala mbili za pasipoti kila mmoja, moja kwenye begi, moja kwa mwenzako wa kiti cha jirani. Wanaosafiri na watoto wabaki dakika tano, barua za wazazi tunaziandika leo.